Uso wa Kwenye Mlango wa Kabati

Jumanne, 4 Machi

Binti yangu ameshinda. Leo nimekwenda kwenye kituo cha sanaa, shati limepigwa pasi, viatu vimepigwa rangi, utadhani naenda kuposa. Nimemwambia nakwenda mara moja tu, ili aache kunipigia simu kila asubuhi kuniuliza kama nimekula.

Kituo kiko nyuma ya ofisi za maji. Chini kuna ukumbi wa maonyesho na chumba cha wafinyanzi, juu kuna darasa la uchoraji, asubuhi na jioni, na ngazi zimelika katikati kwa kukanyagwa. Tunachora kwenye milango ya makabati. Seremala mmoja aliwaletea lundo zima kutoka hosteli iliyobomolewa, yote saizi moja, yote rangi ya maziwa, kila mmoja na matundu yake ya bawaba. Nilipewa wangu, wenyewe wanauita ubao, nikakaa nao mapajani, sijui niushike vipi.

Mwalimu ni mrefu, mwembamba, na kuongea kwake ni kama kunamuuma. Alitueleza kanuni mbili tu. Ya kwanza, hasahihishi kwa mdomo. "Mkishaondoka mimi napita na brashi yangu, nagusa kidogo," alisema. "Ukirudi utapaona nilipogusa. Kaa ujiulize kwa nini." Ndiyo maana wanamwita Mwalimu Gusa. Ya pili, hakuna kuandika jina kwenye ubao mpaka siku ya maonyesho, mwisho wa msimu huu wa mvua, asije akamgusia mtu kwa mapenzi na mwingine kwa chuki. Siku hiyo ndipo kila mtu anabandika jina lake na kusimama kando ya kazi yake.

Akatuuliza tunataka kuchora nini. Jirani yangu, nesi mstaafu, alisema jogoo. Nasikia kila msimu ni jogoo. Wanamwita Mama Jogoo na yeye anaitika. Mimi nikasema, "Mke wangu." Hawakuniuliza yuko wapi, nadhani sauti yangu ilishawaambia.

Wote tunaanza namna moja: duara refu la rangi ya kahawia, na mistari miwili ya kupimia macho na pua. Langu liliniharibikia kidevuni, likavimba upande mmoja.

"Kinyozi," Mama Jogoo akaninong'oneza, "huyo ni shemeji au ni kiazi?"

Nilicheka mpaka nikajishangaa.

Alhamisi, 6 Machi

Sikwenda. Nilikuwa na wateja wengi. (Sikuwa na mteja hata mmoja.)

Jumamosi, 8 Machi

Mvua ya kwanza. Bati la duka limepiga kelele mchana kutwa, mteja na mimi tunaongea kwa ishara.

Niandike hapa jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwezi uliopita nilikuwa namnyoa mzee mmoja ndevu, wembe uko shavuni, nikajaribu kumkumbuka mke wangu na uso wake haukuja. Ilikuja picha ya kitambulisho, ile ambayo amebana midomo kama mtu anayetuhumiwa kuiba kuku. Nikajaribu tena. Ikaja ile ile. Maisha yangu yote nimeshika nyuso za watu, namjua kila mteja kwa kisogo chake, halafu uso wa mtu niliyeamka naye kila siku unaniponyoka.

Picha nazo hakuna. Kamera ilikuwa yake, basi picha zote za nyumba hii ni mimi, binti, na majirani waliokula wakashiba. Yeye alikuwa upande wa pili. Ipo moja tu niliyompiga mimi, kwenye kibanda chake cha cherehani, anacheka, lakini ameziba mdomo kwa mkono. Nilimwambia ashushe mkono, akakataa. Haifai kwa kuchorea.

Nataka uso wake uwe umekaa mahali kabla haujaniishia wote. Hilo ndilo linalonipeleka pale, wala si kutoka nje nikapunge upepo kama binti anavyodhani.

Jumanne, 11 Machi

Nimeguswa!

Mvua ya Jumamosi ilivujia rafu ya darasa la jioni, kwa hiyo mbao zao na zetu zote zimehamishiwa rafu moja karibu na mlango. Nikautafuta wangu, nikaukuta, na kidevu kimenyooka. Ule uvimbe haupo. Duara limekaa vizuri kama yai, na kipaji cha uso kimepanuliwa kidogo. Nilikaa nikajiuliza kwa nini, kama tulivyoagizwa, na jibu nililipata: kwa sababu nilichora kiazi.

Mama Jogoo amenuna. Jogoo wake hajaguswa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimechora macho. Mvua.

Jumanne, 18 Machi

Sijui niandikeje. Macho niliyoyaacha yalikuwa yamekodoka. Leo nimekuta kope zimeshushwa kiasi cha unywele mmoja tu, na chini ya jicho la kushoto kumewekwa kivuli. Basi. Lakini ni mtu anayekaribia kucheka na anajizuia. Ndivyo alivyokuwa akiniangalia nikianza kuwapigia wageni hadithi zangu za uongo.

Mwalimu amejuaje?

Nilitaka kumuuliza nikaogopa nitalia mbele ya watu. Nikaosha brashi muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Alhamisi, 20 Machi

Pua. Nimeirudia mpaka Mama Jogoo ananiuliza kama shemeji ana mafua.

Jumanne, 25 Machi

Kilemba nilikichora kimefungwa katikati. Leo nimekikuta kimefungwa ubavuni, ncha inaning'inia nyuma ya sikio. Mke wangu alikuwa akifunga ubavuni? Nadhani ndiyo. Akiwa na haraka, ndiyo. Nimetembea na swali hilo hadi nyumbani bila mwavuli, nikalowa chapachapa.

Jumanne, 1 Aprili

Leo kuna vipuli. Viwili, vidogo, vya duara, rangi ya dhahabu. Mimi sikuchora vipuli. Sikuwahi hata kuvitaja.

Mke wangu alikuwa na vipuli vidogo vya duara. Nilimnunulia mimi.

Nimerudi dukani nimekaa kwenye kiti cha mteja na kujitazama kwenye kioo, nimeshika tama. Mteja aliingia, akaniona, akasema atarudi kesho.

Alhamisi, 3 Aprili

Nilimsubiri Mwalimu kwenye ngazi.

"Mwalimu, wewe ni mwenyeji wa hapa?"

"Nimehamahama sana."

"Ulishawahi kukaa upande wa sokoni?"

Akafikiri. Kwa nini afikiri? "Nilipanga chumba nyuma ya soko. Zamani kidogo. Kwani vipi?"

"Hapana, nauliza tu."

Kibanda cha cherehani cha mke wangu kilikuwa soko hilo hilo. Mashati yake Mwalimu yote yana kola iliyoshonwa vizuri. Nimeiangalia leo kola ile mpaka akajipapasa shingo.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua haisimami. Taulo za duka hazikauki, zinanuka. Nimempigia binti nikamweleza habari ya vipuli, kilemba na chumba cha nyuma ya soko. Nikasikia anacheka.

"Baba, unamuonea wivu marehemu?"

"Mimi nataka kumuuliza Mwalimu, si mama yako."

"Haya muulize basi! Au uende dukani ukanyoe watu, baba, umekaa na mawazo mno."

Nikakata simu. Si kawaida yangu kumkatia simu. Nikampigia tena kumuomba radhi, na yeye akawa anapiga wakati huo huo, tukawa tunagongana tu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nilikwenda, nikakaa, sikuchora. Nilimtazama Mwalimu anavyopita kati ya stuli. Zamani nilimuona mpole, sasa upole wenyewe nauona kama ujanja. Mtu asiyeongea ana anachokificha. Mama Jogoo akaniambia, "Unamkodolea macho mwenzio kama anadaiwa." Nikamwambia ashughulike na kuku wake.

Jumanne, 15 Aprili

Nimemtegea mtego. Nimeuchora mdomo kama ulivyo kwenye kitambulisho, umebanwa, hauna dalili ya tabasamu. Kama hamjui mke wangu, atauacha. Kama anamjua, atashindwa kujizuia.

Alhamisi, 17 Aprili

Mdomo umefunguliwa.

Nilipouvuta ubao kwenye rafu nilidhani nimechukua wa mtu mwingine, lakini macho ni yale, pua ni ile niliyoihangaikia. Mke wangu anacheka. Anacheka meno yote nje, kichwa kimeinama upande, mashavu yamepanda. Na katikati ya meno ya juu kuna mwanya. Mwanya mzuri, wa kutungiwa nyimbo.

Jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba nimemkamata Mwalimu. La pili likawa swali: je, mke wangu alikuwa na mwanya?

Sijui.

Naandika tena nione inavyosomeka. Sijui. Nimeishi na mwanamke, nimekula naye, nimegombana naye, nimemzika, na sijui kama alikuwa na mwanya. Nilifumba macho pale pale kwenye stuli nikamwita. Akaja wa kitambulisho, mdomo ameufunga. Nikamwambia cheka, basi, cheka kidogo tu. Hakucheka. Nikafumbua macho, na wa kwenye ubao anacheka tu.

Mama Jogoo akaniwekea mkono begani. "Kinyozi, amependeza. Kumbe mkeo alikuwa mtu wa furaha."

"Ndiyo," nikasema. Sasa ningesema nini?

Dukani nilimnyoa mteja upande mmoja nikasahau wa pili. Kwa bahati alikuwa ni mtu mwenye utani. Nilitaka kumpigia binti nimuulize, nikashika simu nikaiweka. Nikimuuliza atajua. Atajua kwamba mama yake anamtoka baba yake kichwani kama maji ya kwenye pakacha, na hilo sitaki alijue. Afadhali anione na wivu kuliko anione hivyo.

Kitu kimoja tu kimebaki wazi kwangu. Mtu anayeujua mwanya wa mke wangu kuliko mimi ni Mwalimu Gusa.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Nimeweka mwanga kwenye shavu. Sikuthubutu kusogelea mdomo.

Alhamisi, 24 Aprili

Ajabu ni kwamba sasa naukumbuka ule mwanya. Nikila naukumbuka. Nakumbuka akipiga mluzi kupitia mwanya ule, akiwa kwenye cherehani. Kadiri ninavyoutazama ndivyo ninavyoukumbuka. Alikuwa nao bwana, nilikuwa nimechanganyikiwa tu.

Jumanne, 29 Aprili

Uso umekaribia kukamilika. Mwalimu amesema kila mtu ahakikishe ubao wake uko kwenye rafu, maana maonyesho yanakaribia. Chini kabisa kuna mmoja umegeuzwa ukutani, umejaa vumbi, hauna mwenyewe. Kuna mwenzetu amekata tamaa. Namuelewa.

Jumanne, 6 Mei

Leo niliamua iwe iwavyo. Nikafunga duka mapema, nikaenda kituoni kuelekea mwisho wa darasa la jioni ili nimkabili Mwalimu bila Mama Jogoo kusikia. Kwenye ngazi nilipanga maneno yangu: nitamwambia taratibu, Mwalimu, sisi ni watu wazima, ulimjua mke wangu?

Nilipofika mlangoni darasa lilikuwa limeshatoka, amebaki mtu mmoja tu, na maneno yote yakapotea.

Kwenye stuli yangu alikuwa amekaa mwanamke kijana, amevaa sare ya walinzi wa getini, buti zina matope, kofia ameiweka sakafuni. Mbele yake uko ubao wangu. Mkono mmoja ameshika brashi, wa pili ameshika kioo kidogo cha mfukoni, amejichekea kwenye kioo meno nje, anatazama meno yake, halafu anachora. Anatazama, anachora. Masikioni ana vipuli vidogo vya duara.

"We!" nikasema. "Unaufanya nini uso wa mke wangu?"

Akashtuka, brashi ikamponyoka. "Mke wa nani? Shikamoo, mzee. Huyu ni mama yangu."

"Mama yako wapi! Huu ubao wangu tangu Machi. Macho hayo nimeyachora mimi!"

"Macho kayachora Mwalimu," akasema. "Mimi wangu ulikuwa duara tu. Nikaja nikakuta macho. Nikaja nikakuta pua. Mimi nimeshusha kope kidogo, nikachora kilemba hiki, na vipuli, na mdomo."

"Kilemba nimechora mimi!"

"Kilikuwa kimefungwa vibaya."

Mwalimu akatokea chumba cha kuoshea brashi, mikono inachuruzika maji. Tukamgeukia wote wawili. "Mwalimu, mwambie!" Tulilisema kwa pamoja.

Akatutazama, akautazama ubao, akatutazama tena. "Huu?" akasema. "Huu sijawahi kuugusa hata siku moja. Kila nikipita nakuta umeshasogea wenyewe. Nikasema, huyu mwanafunzi anajigusa, ya nini nimharibie? Nilikuwa najivunia."

"Mwanafunzi yupi?"

"Hapo ndipo nilipokuwa sielewi. Ila sikuuliza. Nilidhani nikiuliza ataharibika."

Tulikaa wote watatu, maji yanadondoka dirishani. Mlinzi akaanza kueleza, mikono kaiweka magotini. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, baba hamjui, amelelewa na mama yake mdogo. Picha hakuna hata ya kitambulisho. Anayo maneno tu: alifunga kilemba ubavuni, alikuwa na mwanya, vipuli hivi ni vyake. Na mama mdogo humwambia, ukicheka wewe tunamuona yeye. Ndiyo maana ya kioo.

"Nilipokuta macho," akamwambia Mwalimu, "nikajua wewe ulimjua mama. Mtu atachoraje macho ya mtu asiyemjua? Nikaanza hata kuyaangalia masikio yako, nione kama tumefanana."

Mwalimu akajishika masikio. Mimi habari yangu ya kola nilikaa nayo kimya.

"Sasa ubao ni wa nani?" nikauliza.

"Anayebandika jina ni mmoja," Mwalimu akasema. "Ubao mmoja, mtu mmoja. Ndivyo tulivyofanya miaka yote." Halafu akarudi kuosha brashi, na sauti ya bomba ikawa kubwa mno.

Nikamwambia mlinzi kwamba yule ni mke wangu na sina njia nyingine ya kumuona. Akainamisha kichwa kwa heshima, lakini hakunipisha.

"Baba," akasema, "wewe ulishamuona."

Nimetembea nyumbani nimekasirika. Nikifika nitatafakari ni nani hasa aliyenikasirisha, nilijiambia. Nimefika, na sijampata.

Alhamisi, 8 Mei

Nilikaa mbele ya ubao asubuhi nzima bila kuugusa. Mwanya ni wa mama yake mlinzi. Au ni wa mlinzi mwenyewe. Basi ule mluzi niliokuwa nikiukumbuka ulipita wapi? Niliukumbuka vizuri kabisa, hata wimbo wake. Natafuta ndani ya kichwa changu kitu ambacho hakikuchorwa na mtu mwingine na kila nikishikacho nakitilia shaka. Kilemba? Vipuli nilimnunulia, hilo naweza kulila kiapo. Lakini vilikuwa vya duara, au vimekuwa duara tangu Aprili?

Jumanne, 13 Mei

Mlinzi naye hajagusa. Najua kwa sababu niliacha brashi juu ya ubao, na nimeikuta ilivyolala.

Jumanne, 20 Mei

Nilipitia getini kwake, kwenye ghala la saruji, nikijifanya naelekea kwingine. Alinipigia saluti, halafu akanikaribisha benchi. Tukakaa tunaangalia malori. Nikamuuliza mama mdogo wake anasemaje. Akasema amempeleka hadi pale kituoni, na mama mdogo akautazama ule uso muda mrefu, akasema, "Mdomo ni wa dada. Macho sijui, lakini ningependa yawe ya dada."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshayazoea, baba. Nikiingia zamu namuaga."

Nilitaka kumchukia, ingenirahisishia mambo.

Alhamisi, 22 Mei

Tumetoa mbao zote kwenye rafu kwa ajili ya kuzitundika chini ukumbini. Mwalimu akauvuta na ule wa chini kabisa, akaufuta vumbi kwa mkono wa shati, akauinua juu. "Huu wa nani?"

Mama Jogoo akapiga makofi. "Haa! Kiazi cha Kinyozi!"

Ni kweli. Duara la kahawia, mistari miwili, kidevu kimevimba upande mmoja. Hakuna aliyekinyoosha siku ile. Mvua iliposababisha mbao zihamishwe, nilichukua wa mlinzi, nikauona mzuri kuliko wangu, nikasema nimeguswa. Ulikuwa wake tangu mwanzo. Miezi yote hii mimi ndiye niliyeingia kwenye uso wa mama wa watu na brashi.

Nimekiweka kiazi chini ya kwapa nikaondoka nacho. Bado nataka kubandika jina langu kesho kutwa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, wala sijivunii.

Jumamosi, 24 Mei

Maonyesho. Binti alisafiri kuja. Ukumbi ulijaa watu, miavuli imelundikana mlangoni, sakafu ina nyayo za matope hadi ukutani. Wafinyanzi wamepanga vyungu vyao kwenye madirisha. Mama Jogoo amesimama na jogoo wake, na safari hii Mwalimu amemgusa: unyoya mmoja mwekundu kwenye mkia. Kila anayepita anaonyeshwa unyoya huo.

Ubao wetu uliwekwa katikati ya ukuta. Mlinzi alikuwa amesimama mbali kidogo na ukuta, sare imepigwa pasi, karatasi ya jina lake iko mkononi, hajaibandika. Alikuwa ananisubiri mimi. Na yangu ilikuwa mfukoni.

Binti akanitangulia. Akasimama mbele ya uso ule, akainamisha kichwa upande kama ulivyoinama wenyewe.

"Baba, amependeza jamani," akasema. "Ni nani huyu?"

Nikamjibu, "Mama yako."

Akanigeukia. Akautazama tena, safari hii polepole, kama mtu anayesoma. "Macho," akasema. "Macho ndiyo. Alikuwa ananiangalia hivi nikidanganya. Lakini baba, mama hakuwa na mwanya."

"Hakuwa nao?"

"Jino lake la mbele lilikuwa limelika pembeni. Si alikuwa anakatia uzi kwa meno? Alikuwa analionea aibu, ndiyo maana akicheka lazima azibe mdomo. Baba! Wewe si ndiye uliyekuwa unamtania kila siku? Bibie, shusha mkono. Shusha mkono tuone mali."

Nikamuona. Pale pale, katikati ya watu, bila kufumba macho. Mkono unapanda haraka, dole gumba limetobolewatobolewa na sindano, vidole vinne vimebanana juu ya mdomo, na juu ya vidole macho yale. Alivyocheka ndivyo hivyo, miaka yote. Nilikuwa namlazimisha ashushe mkono hata kichwani kwangu, na yeye kama kawaida yake akakataa kuja.

Nililia. Binti akanishika kiwiko, hakujua amesema nini kibaya. Nikamwambia hajasema kibaya.

Kisha nikamwendea mlinzi, nikachukua karatasi yake mkononi, nikaibandika chini ya ubao mwenyewe, nikaikandamiza kwa dole gumba mpaka ikashika.

"Simama na mama yako," nikamwambia. "Watu wanauliza."

"Na macho, baba?"

"Mwachie. Anayahitaji ya kukuangalia."

Akacheka, na ule mwanya ukatoka. Binti yangu akautazama mdomo wa mlinzi, akautazama ubao, akanitazama mimi, na ikabidi nimsimulie yote kuanzia kwenye kiazi. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na nilipofika kwenye kola za Mwalimu alinipiga begani.

Jumapili, 25 Mei

Mvua imekatika. Nimefungua madirisha yote.

Binti bado yupo. Nimekilaza kiazi juu ya meza ya jikoni, nikaitoa ile picha niliyosema haifai, nikaiegemeza kwenye kopo la sukari. Sikukinyoosha kidevu. Nimeanza na dole gumba, maana hilo nalijua hata gizani, nikaenda kidole kwa kidole, na vyote vinne vimekaa juu ya ule uvimbe.

Binti akapita nyuma yangu na chai, akasimama. Macho hata sijayachora. Hakuuliza ni nani.

"Mama," akasema, "shusha mkono bwana."

Nikamwambia amwache acheke anavyotaka.